Mashini ndogo kifuani: moyo umetengenezwa, mawazo nayo yapone



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, viatu vya chuma, vumbi na maji safi. Leo somo letu ni juu ya kitu kisichoonekana kwa nje. Ni mashini ndogo ambayo waganga wanaiweka chini ya ngozi ya kifua, kusudi isaidie moyo. Tena hatutasema juu ya mashini peke yake. Tutasema hasa juu ya mawazo ya mtu anayeibeba.

Maana mara nyingi mambo yanakwenda hivi: kidonda kinapona kwa wiki chache, mganga anafurahi, lakini mgonjwa halali usiku. Mchana anakaa kitini, mkono juu ya kifua, anasikiliza. Mashini inafanya kazi vizuri. Ni mtu mwenyewe ambaye hajaanza tena kuishi. Basi, wewe uliyewekewa mashini, au wewe ambaye bwana, bibi, baba au mwenzako wa kazi amewekewa, soma somo hili polepole. Ikiwezekana msome pamoja.

1. MASHINI HII NI NINI?

Moyo ni kama pompu ya kutoa maji ndani ya mine. Haupumziki usiku wala mchana. Moyo wa mtu mzima aliyekaa kimya unapiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika moja. Kila pigo linaanzia mahali padogo ndani ya moyo, panapotoa umeme kidogo sana wa mwili. Umeme huo unapita katika moyo wote, na nyama ya moyo inajikaza.

Kwa watu wengine umeme huo unachelewa au unakatika njiani. Moyo unapiga polepole mno. Mtu anachoka, anaona kizunguzungu, au anaanguka na kuzimia. Huyo anawekewa pesimeka. Hiyo inangojea pigo la moyo. Pigo likichelewa, inatoa umeme mdogo na moyo unapiga. Pigo likija lenyewe, pesimeka nyingi zinanyamaza.

Kwa wengine hatari ni kinyume: moyo unaweza kukimbia ghafula na kutetemeka, hata usisukume damu tena. Hao wanawekewa mashini ya pili, inayoitwa defibrilateri. Hiyo inalinda moyo kama zamu ya usiku. Moyo ukikimbia kwa hatari, inaupiga kwa umeme wenye nguvu na kuurudisha katika njia yake.

Kwa kawaida mashini hizi zinawekwa chini ya mfupa wa bega, mara nyingi upande wa kushoto. Waya moja, mbili au tatu zinapita ndani ya mshipa wa damu mpaka moyoni. Kifuniko chake ni cha titani, chuma chepesi kisichopata kutu. Tena jambo hili liwafurahishe watu wa Kolwezi na Likasi: waya nyingi za namna hii zimefanywa kwa mchanganyiko wa madini unaoitwa MP35N, na katika kila gramu 100 za mchanganyiko huo, karibu gramu 35 ni kobalti. Kwa hiyo madini ambayo mikono yenu inayatoa chini ya udongo ni ndugu wa yale yanayosaidia mioyo ya watu. Mashini hii si kitu cha ajabu kilichotoka gizani. Ni kazi ya mafundi, kama kazi yenu.

2. MTU WA KWANZA

Tarehe 8 Oktoba 1958, karibu na Stockholm katika nchi ya Uswidi, mganga Åke Senning aliweka pesimeka ya kwanza ndani ya mwili wa mtu. Iliundwa na injinia Rune Elmqvist. Mgonjwa alikuwa Arne Larsson, mwenye miaka 43, ambaye moyo wake ulikuwa ukisimama na yeye kuzimia mara nyingi kwa siku. Ni bibi yake, Else-Marie, aliyewasukuma mganga na injinia bila kuchoka mpaka wakakubali kujaribu.

Mashini ile ilifanya kazi saa chache tu. Wakamwekea nyingine. Katika maisha yake alibadilishiwa mashini zaidi ya mara 20. Alikufa mwaka 2001, mwenye miaka 86, kwa ugonjwa wa kansa, si kwa ajili ya moyo. Injinia wake alikufa mwaka 1996 na mganga wake mwaka 2000. Mgonjwa aliwazidi wote wawili.

Defibrilateri ya kwanza ndani ya mwili wa mtu iliwekwa mwezi wa Februari 1980, huko Baltimore, Marekani. Mganga Michel Mirowski alianza kuifikiri kisha mkubwa wake wa kazi kufa kwa moyo uliokimbia, mwaka 1966. Waganga wengi walimwambia haiwezekani. Yeye hakuacha.

3. MAWAZO YANAYOKUJA NI YA KAWAIDA

Siku za kwanza wengine wanafurahi sana, wengine wanalia bila kujua sababu. Kisha, wakifika nyumbani, mawazo yanaanza. «Mimi si mtu mzima tena. Nimekuwa nusu mtu, nusu mashini.» «Watu wataniona mdhaifu.» «Nani atalisha watoto?» Mwingine anakasirika kwa neno dogo. Mwingine hataki tena kutoka nje.

Ndugu, mawazo haya si alama ya wazimu wala ya uoga wa kitoto. Umepita karibu na kifo, mwili wako umefunguliwa, na sasa unabeba kitu kigeni. Roho inahitaji muda wa kukizoea, kama mguu unavyozoea kiatu kipya. Uchunguzi wa waganga umeonyesha kwamba kati ya watu kumi wenye defibrilateri, karibu wawili wanapata woga au huzuni inayohitaji msaada. Hauko peke yako.

Woga unakua katika giza na katika kunyamaza. Unapungua kwa njia tatu: kujua, kusema, na kurudi polepole katika desturi zako.

Kujua: kabla ya operasyo, na kabla ya kutoka hospitali, uliza. Omba uonyeshwe mashini kama yako na uishike mkononi. Uliza: ni ya namna gani? Iliwekwa kwa ajili gani? Nifanye nini na nisifanye nini? Nirudi lini kwa kupimwa? Andika majibu, au umpe mtoto anayesoma ayaandike. Usiseme «ndiyo» kwa heshima tu wakati hujasikia vizuri. Mganga mwema hachoki kueleza mara ya pili.

Kusema: chagua mtu mmoja unayemwamini, umwambie woga wako kwa jina lake. Si «niko sawa tu», bali «naogopa kulala kwa sababu naogopa kutoamka». Woga uliotajwa unaweza kujibiwa.

Kurudi: siku ya kwanza tembea mpaka kwa jirani. Kesho mpaka mwisho wa njia. Wiki ijayo mpaka sokoni. Usingoje woga uishe ndipo utembee. Ni kwa kutembea woga unaisha.

4. MASWALI AMBAYO WATU WANAYAFICHA

«Umeme wa mtaa ukikatika, moyo wangu utasimama?» Hapana. Mashini ina batri yake ndani. Haina uhusiano na umeme wa nyumba.

«Batri ikiisha, nitakufa usiku?» Batri haiishi ghafula. Inadumu miaka mingi. Ya pesimeka mara nyingi miaka 8 mpaka 12, pengine zaidi au chini. Kila unapokwenda kupimwa, mganga anasoma nguvu iliyobaki, na mashini inaonyesha mapema kwamba wakati wa kubadilishwa unakaribia. Ndiyo sababu haifai kukosa siku ya kupimwa, hata kama unajisikia vizuri, hata kama safari ni ndefu. Anza kuweka akiba ya safari mapema.

«Saa yangu ya kufa ikifika, mashini itafunga roho isitoke?» Hapana. Pesimeka inasaidia moyo ulio hai kupiga. Haiwezi kumzuia mtu aliyefika mwisho wake. Na kama mwenye defibrilateri ana ugonjwa mwingine usiopona, mganga anaweza kuzima mapigo ya nguvu, kusudi asisumbuliwe. Neno hili lizungumzwe mapema, kwa utulivu, mgonjwa mwenyewe akiwa anasikia.

«Je, wanaweza kusikia maneno yangu kwa mashini hii?» Hapana. Inaandika mapigo ya moyo tu. Haisikii mazungumzo na haijui mawazo.

«Ni nani aliyenifanyia hivi?» Katika jamaa nyingi swali hili linakuja, na vidole vinaanza kuonyesha jirani, mjomba au bibi mzee wa nyumba. Ndugu, umeme wa moyo unaharibika kwa sababu waganga wanazozijua: umri, shinikizo la damu, ugonjwa wa mishipa ya moyo, nyama ya moyo iliyodhoofika, au namna mtu alivyozaliwa. Ukitafuta mlozi, utapoteza jamaa saa ile ile unapowahitaji. Na anayependa kusali, asali. Sala na dawa hazigombani. Lakini mtu yeyote akikuambia uache dawa au utoe mashini kwa sababu umeombewa, usimfuate.

«Naweza kulala na bibi yangu, au na bwana wangu?» Ndiyo, kidonda kikipona na mganga akikubali. Kwa watu wengi, nguvu inayohitajika ni kama kupanda ngazi bila kusimama. Hata defibrilateri ikipiga wakati huo, anayekugusa anaweza kusikia mshtuko mdogo, lakini haumdhuru.

5. KWA WENYE DEFIBRILATERI: JUA MAPEMA UTAKALOFANYA

Pigo la defibrilateri linauma. Wengine wanasema ni kama teke la punda kifuani. Linapita upesi, lakini mawazo yake yanabaki. Mtu aliyepigwa akiwa anaoga anaogopa kuoga. Aliyepigwa njiani anaogopa njia. Kumbe njia haikufanya kosa. Moyo ulikimbia, na mashini ikafanya kazi yake. Wengine wanaamka usiku wakisema wamepigwa, na mganga akipima anakuta mashini haikupiga. Hilo nalo linajulikana kwa waganga. Usione haya kulisema.

Andikeni mpango huu na kuubandika ukutani:

a) Pigo moja, kisha unajisikia vizuri: kaa chini, pumua polepole, andika saa na ulichokuwa ukifanya. Mpashe mganga habari siku hiyo au kesho yake.

b) Mapigo mawili au zaidi kwa siku moja, au pigo moja pamoja na maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi: hospitali mara moja.

c) Mgonjwa ameanguka, haamki wala hapumui: iteni msaada na msukume kifua chake kama wasaidizi wa kwanza wanavyofundishwa kazini. Msiogope kumgusa. Mashini haitawaua.

Mpango ukiwa ukutani, kichwa kinapumzika. Si lazima tena kulinda usiku kucha. Mashini ndiyo inayolinda.

6. KWA BIBI, BWANA NA WATOTO

Mama, tunajua umeogopa kuliko mgonjwa mwenyewe. Lakini tazama jambo hili. Bwana anataka kuchukua ndoo, unamnyang'anya. Anataka kwenda kuona mpira, unakataa. Watoto wakicheka, unawaambia «nyamazeni, baba atakufa». Unafanya hivyo kwa mapendo, lakini yeye anasikia neno lingine: «wewe si kitu tena». Mtu akilindwa kama yai, mwishowe anajiona yai.

Kuna mambo ya kukataza kweli, nayo yana kipimo. Kwa wiki 4 mpaka 6 za kwanza, mkono wa upande wa mashini usipande juu ya bega wala usiinue mzigo mzito, kusudi waya zishike mahali pake. Kwa hiyo asilime, asipasue kuni, asipake rangi ukuta. Na kama mwenye mashini ni mama, asitwange sombe, asisonge bukari ya watu wengi, asipandishe ndoo kichwani, asibebe mtoto mgongoni kwa kitambaa kinachokaza bega. Dada na watoto wakubwa wamsaidie bila kunung'unika. Lakini mkono usikae bila kazi kabisa, maana bega litakauka. Asogeze mkono polepole kama infirmie alivyomwonyesha. Kisha mganga akisema «tosha», kataza nawe uliache.

Tazameni kidonda. Kikiwa chekundu, kikivimba, kikitoa maji au usaha, au mgonjwa akipata homa, asingoje. Mtu asikifinye wala kuizungusha mashini chini ya ngozi kwa kuchezea.

Watoto waelezwe ukweli kwa maneno madogo: «Baba ana mashini inayosaidia moyo wake. Unaweza kumkumbatia.» Mtoto asiyeelezwa anajitungia habari mbaya zaidi.

7. KURUDI KAZINI

Hapa ndipo mawazo ya mwanaume wa mine yanapouma zaidi. Kazi ni posho, ni nyumba, ni jina lake mbele ya wenzake. Wengine wanaficha mashini chini ya shati, wanarudi kimya mahali pa zamani. Hiyo ni hatari kubwa. Mashini inasikia umeme wa moyo. Penye umeme au sumaku yenye nguvu inaweza kudanganyika. Inaweza kunyamaza wakati moyo unaihitaji, au kupiga bila sababu.

Basi, kabla ya kumwona kapita, mwone mganga wa kazi ukiwa na karte ya mashini yako. Mweleze kazi yako neno kwa neno. Yeye pamoja na injinia wa usalama watapima.

Vitu vya kuangalia: elektrolisi, ambapo umeme mkubwa unapita siku nzima, fulu za umeme, sumaku za kuinua au kuchambua chuma, jenereta kubwa, mashini za kuunga chuma kwa umeme. Kwa kuunga chuma, kwa kawaida waganga wanaomba umbali wa sentimita 60 hivi kati ya mashini yako na ile ya kazi, tena nyaya zisizungushwe begani. Kwa elektrolisi na fulu, usitumie kipimo cha mdomo: papimwe kwanza. Mashini ya kutoboa mawe inatikisa kifua, iulizie pia. Kupanda juu, kuendesha lori kubwa, kufanya kazi peke yako: mganga anaweza kukataza, maana ukizimia hapo hauanguki peke yako. Mshipi wa taa au wa mfuko usikanyage mahali pa mashini.

Langoni, walinzi wakipima watu kwa mashini ya kutafuta chuma, onyesha karte yako, pita bila kusimama, na uombe wasikishikilie kile cha mkononi juu ya kifua chako. Telefone ya mkononi usiiweke katika mfuko wa shati juu ya mashini. Iwe mbali kwa sentimita 15, na uisikilize kwa sikio la upande mwingine. Radio, televizyo, pasi ya umeme, hivyo vyote vya nyumbani havina shida kama ni vizima. Ukitumwa kupigwa picha kwa IRM, sema kwanza kwamba una mashini.

Na kama mganga anasema ubadilishwe kazi? Inauma. Kubali kwamba inauma, usijifanye chuma. Lakini kubadilishwa si kutupwa. Fundi aliyefanya kazi miaka ishirini kwenye fulu anajua sauti ya fulu kuliko vitabu. Anaweza kufundisha vijana, kulinda magazini, kuhesabu vipande. Wenzake nao wasimwite «mtu wa batri». Mzaha kama huo unaweza kumrudisha kwenye hatari ili aonyeshe kwamba yeye ni mwanaume.

8. HUZUNI ISIYOONDOKA

Woga wa siku chache si kitu. Lakini ikipita wiki mbili, na mtu bado halali, hali, hacheki, haongei na watoto, au ameanza kutafuta lutuku kila jioni kusudi asahau, hapo ni ugonjwa, na una dawa na msaada wake. Mpelekeni kwa mganga. Akisema afadhali angekufa, msimwache peke yake, tena mpelekeni siku ile ile. Na asiache dawa zake za moyo: mashini haichukui nafasi ya vidonge, wala ya kuacha sigara, wala ya kupunguza chumvi.

MASWALI YA KURUDIA

1. Pesimeka inafanya nini? Defibrilateri inafanya nini?
2. Woga unapungua kwa njia gani tatu?
3. Mkono wa upande wa mashini unalindwa kwa wiki ngapi?
4. Utafanya nini kisha pigo moja? Kisha mapigo mawili?
5. Nani apime mahali pako pa kazi kabla hujarudi?

Anayeweza kujibu maswali haya mbele ya bibi au bwana wake, bila kutazama ukurasa, amekwisha kupunguza nusu ya woga wake. Nusu nyingine itapungua siku kwa siku, njiani kwenda sokoni, mezani pamoja na watoto, na katika kazi ambayo mganga amekubali.

Kateni ukurasa huu, mwuweke pamoja na karte ya mashini.